Kitanda cha Zamu

"Katika kampuni hii yote hakuna rubani anayekaa na familia yake kama mimi," Tobias Ochieng alitamba, akikoroga kahawa kwenye chumba cha marubani. "Ukapteni nimeukataa mara nne. Kwa nini? Kwa ajili ya Wairimu na watoto. Basi."

Nkatha, aliyeajiriwa miaka tisa baada yake na sasa ni kapteni wake, akamtazama mabegani. Yeye alikuwa na mistari minne ya cheo, Tobias mitatu.

"Fomu zinafungwa kesho saa sita mchana," alisema. "Unapanda ukapteni, unastaafu mapema, au unabaki kunikorogea kahawa?"

"Ngoja nimuulize bosi wa nyumbani."

"Msalimie. Na hizo siku zako zote za mapumziko, hata kukuona hachoki?"

Tobias akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe.

Maana ukweli ni kwamba Wairimu hakuwa akimwona.

Kwa marubani, kila kitu hugawanywa kwa ukongwe. Akiwa rubani msaidizi mkongwe, Tobias alijichagulia safari chache na mapumziko tele. Akiwa kapteni mpya angeanza mkiani mwa orodha: Krismasi yuko angani, simu inamwita hata akiwa bafuni. Hayo aliyaeleza vizuri kwa kila aliyeuliza. Alichosahau kueleza ni kwamba kwao, mtaa wa Temple Hills, siku zake za mapumziko, watu walidhani yuko angani.

Kila Jumatatu alivaa sare, akavuta begi lake la magurudumu hadi mlangoni, Wairimu akamwombea upepo mzuri na kutua salama. Kisha akaendesha gari hadi kwenye fleti moja mtaa wa Adelphi, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akavua viatu, akalala. Jumanne nzima pia, kalala.

Hakukuwa na mwanamke. Laiti angekuwepo, angalau dhambi ingekuwa na jina. Kulikuwa na kitanda, birika na ukimya. Nyumbani kulikuwa na mama yake, watoto watatu, na wapwa wawili waliokuja kutembea wiki mbili, mwaka juzi.

Wazo aliliiba kwa marubani wenzake. Wengi hupanga kitanda kimoja karibu na uwanja wa ndege, huyu akiondoka yule anaingia, kila mtu na shuka zake. Mwenye fleti ya Adelphi, Mzee Othman wa Pemba, naye alikuwa na sharti moja tu.

"Mimi sipangishi majina, bwana. Napangisha siku."

Jumatatu na Jumanne zikawa za Tobias. Jumatano na Alhamisi zikawa za mwenzake, na ratiba ikabandikwa nyuma ya mlango. Mwaka mzima ukapita hawajaonana, ila walizoeana. Tobias alimwachia mwenzake biskuti za kwenye ndege. Mwenzake alimwachia mandazi ya iliki ndani ya kopo la bluu.

Hayo mandazi ndiyo yaliyomtesa. Wairimu aliacha kukaanga mandazi tangu aanze kufanya zamu mbili mfululizo pale hospitalini anakouguza. Mama wa watu yuko huko anageuza wagonjwa, na yeye amelala chali, anapangusa makombo tumboni. Kila andazi lilishuka kama jiwe. Akala la pili ili kulisukuma la kwanza.

Wiki iliyopita hatia ilimzidi, akampelekea mkewe biskuti tatu za kwenye ndege nyumbani, ingawa hakuwa amempelekea tangu mwaka jana.

"Hizo nimezichoka, Baba Ethan," Wairimu alisema bila kugeuka, akifunga kamba za viatu vyake vya kazini.

Tobias akazirudisha mfukoni. Mwanamke amechoka mpaka anachoka na biskuti, aliwaza, na moyo ukamwuma.

Sasa, Jumatano hii, baada ya ile kahawa, akakaa garini kwenye maegesho ya uwanja wa ndege akiyarudia maswali ya Nkatha. Akatoa simu, akafungua fomu, akabonyeza: ustaafu wa mapema. Miaka hamsini na saba inatosha. Angekaa nyumbani kweli, na makelele yote, na wale wapwa. Leo Wairimu akirudi kutoka zamu, angemwambia kila kitu.

Kwanza lakini arudishe ufunguo na achukue birika. Haikuwa siku yake, ila Mzee Othman alishamwambia kwamba yule mwenzake wa Jumatano huwa haingii kabla ya mchana, na sasa ilikuwa saa nne tu.

Njiani alifanya mazoezi kwa sauti. "Mama Ethan, mume wako ni mwongo." Hapana. "Mama Ethan, kaa chini kwanza." Dereva wa gari la jirani akamtazama, akapandisha kioo.

Pale chumbani alikunja shuka zake, akaosha kopo la bluu, akakausha birika. Kisha akaona si adabu kuondoka kimya kimya. Akakaa kitandani, akaandika karatasi, akaiweka juu ya mto:

"Mwenzangu, nastaafu. Asante kwa mandazi. Mke wangu hajawahi kukaanga matamu hivi."

Ufunguo ukazunguka mlangoni.

Tobias akasimama, birika mkononi, akajiandaa kuomba radhi kwa mtu asiyemjua.

Wairimu aliingia akiwa na nguo zake za hospitali, shuka kwapani, kopo jingine la bluu mkononi likitoa harufu ya iliki. Alitazama birika. Alitazama mto, akaisoma ile karatasi hadi mwisho, bila haraka. Kisha akageuka kuangalia ratiba nyuma ya mlango.

"Baba Ethan," akasema taratibu, "leo si zamu yako."