Lita Moja ya Shaweji

Zamda alimimina lita moja ya petroli kwenye tangi kavu la teksi yake, madereva wote wa kijiweni wakitazama, kisha akaitupa chupa miguuni mwa mdogo wake.

"Endesha! Kabla hujanibadilishia ekzosi, lita hii ilinifikisha hospitali. Jana mafuta yameisha njiani, mke wa mwalimu kajifungulia kiti cha nyuma. Nani atapanda tena gari langu, Shaweji?"

"Lakini dada, fundi kaniapia. Ekzosi pana inapumua vizuri, inabana mafuta."

"Haya, ibane nione."

Shaweji aliondoa gari kistaarabu, kama kapakia mayai. Kilomita nzima ekzosi ilikoroma kwa adabu. Walipofika kwa waosha magari, vijana wakapiga miluzi, na mguu wa Shaweji ukashuka wenyewe. Gari likanguruma, vijana wakashangilia, naye akakanyaga tena na tena, akicheka, kasahau kabisa nani kakaa pembeni yake.

Gari lilizimika kabla ya daraja. Hospitali ilionekana ng'ambo.

Zamda alimgeukia.

"Dada, nisikudanganye," Shaweji alisema kwa sauti ndogo. "Ekzosi haina kosa. Ni mguu. Ikishalia vile, mguu haunisikii."

Zamda akashuka, akafungua buti, akaja mlango wa dereva na spana kubwa.

"Chagua mwenyewe. Nifungue kipi?"

Taratibu, Shaweji akauvuta mguu wake chini ya kiti.