Namba Kumi na Nne

Hakuna mstaafu aliyeruhusiwa kuzungumza na mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na Msemaji, kisanduku kilichosalimiana na visanduku vingine kwa niaba yake, ili moyo wake usitaabike.

Kwa miaka minne kisanduku cha Mwalimu Ndelilio kilimwambia neno lile lile: "Mwalimu Yonazi hajambo, anakusalimu." Ndelilio hakuridhika. Yonazi aliyelala naye bweni moja chuoni hakuwahi kumsalimu bila kumtania.

Asubuhi moja akavaa koti, akaenda hadi langoni kwa Yonazi, akaita kama walivyoitwa gwarideni: "Namba kumi na nne!"

Dirisha likafunguka. "Nipo, bwana! Umechelewa gwaride miaka minne, na kichwa bado kama boga!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Mguu wameukata, Ndelilio. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa hujambo."

Afisa msimamizi wa wastaafu alipofika pale langoni kumsomea adhabu ya kunyang'anywa Msemaji, Ndelilio alikitoa kisanduku mfukoni kabla hajamaliza kusoma. "Chukua. Na kesho utanikuta hapa hapa."

Mkononi mwa afisa kisanduku kikaita. Aliyepiga alikuwa binti yake Ndelilio. Kikamjibu kwa sauti ya baba yake: "Sijambo, mwanangu. Nimepumzika nyumbani."