Mpira wa Ndani ya Soksi

"Soksi moja tu, mama? Ya pili iko wapi?" mlinzi wa getini aliuliza, akiining'iniza hewani baada ya kuitoa kwenye mkoba wa Noreen.

"Ina mpira ndani."

"Unakuja uwanja wa besiboli na mpira wako? Humu mipira tunayo, mama!" Akacheka, akamrudishia.

Noreen hakucheka. Tangu Februari, alipomzika mumewe Gus, hakuwa amecheka wala kulia. Hata makaburini alisimama macho makavu, na mawifi zake walimwona. Hakuwa na uchungu, hakuwa na hasira. Alikuwa akila, akilala na kuamka, basi.

Alivaa koti la Gus, maana upepo wa ghuba ya San Francisco hauna adabu hata mwezi Juni. Mfuko wa kulia wa koti ulikuwa mzito. Ndani yake ulikaa mpira wa geresha.

Huku kwetu, mpinzani akiupiga mpira hadi jukwaani, hatuendi nao nyumbani. Aliyeudaka anaurudisha uwanjani kwa dharau, la sivyo atazomewa mpaka ajute kuzaliwa. Kwa hiyo wajanja huja na mpira wa dukani mfukoni. Wanarusha huo, na ule wa kweli wanaubania. Gus alikuwa na wake miaka yote. Hakuwahi kupata nafasi ya kuurusha mwenyewe, na koti hilo hakuruhusu mtu mwingine alifue.

Ndivyo walivyokutana, tarehe 14 Juni 2003. Noreen aliudaka mpira wa timu ya Los Angeles kwa bahati tu, na watu elfu arobaini wakaanza kumpigia kelele: "Rusha! Rusha!" Kijana wa kiti cha pili akamtia mpira mwingine mkononi. "Rusha huu, dada. Ule ficha." Noreen, mpira mkono huu na mpira mkono huu, masikio yakimvuma, akarusha. Kisha kijana akaenda kumnunulia chipsi za vitunguu saumu. Alikaa mizunguko miwili ya mchezo, akarudi anahema, mikono mitupu. Eti foleni.

Mpira uliobaki Gus aliununulia kisanduku cha kioo, akakiziba kwa gundi, akakiweka juu kabisa ya kabati. "Mafuta ya vidole yatauharibu, Nori," alikuwa akisema kila Noreen alipotaka kuushika.

Siku za mwisho, hospitalini, aliomba jambo moja. "Mpira wetu uutupe majini, pale nyuma ya ukuta. Na wewe uende umevaa koti langu."

Asubuhi ya leo Noreen alikivunja kisanduku kwa bisibisi, akautumbukiza mpira kwenye soksi bila hata kuutazama. Viti vyao vilikuwa juu ya ukuta wa kulia, na nyuma yake ni maji matupu. Mchezo ukiisha angeutupa. Kama hilo nalo halitanitoa chozi, alijiambia, basi mimi nimekwisha.

Kwenye kiti cha Gus alikaa nesi mmoja aitwaye Marisol, aliyekuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Mzunguko wa tano, mpigaji wa Los Angeles aliuchapa mpira ukapaa, ukadunda kwenye mgongo wa kiti, ukatua mapajani mwa Marisol.

"Rusha!" Uwanja mzima uliamka.

"Rusha uchafu huo, dada!" alinguruma Otis, jitu la safu ya nyuma ambalo Gus alibishana nalo miaka kumi. "Usitutie mkosi!"

"Lakini ndio mpira wangu wa kwanza!" Marisol aliukumbatia, karibu kulia.

Noreen alitia mkono mfukoni. "Rusha huu," alimwambia. "Ule ficha." Maneno yalimtoka kama anasoma tangazo.

Marisol aliugeuza mpira aliopewa, akasita, akafungua mdomo aseme kitu.

"Rushaaa!"

Akarusha.

Mchezaji wetu wa upande wa kulia aliuokota, akatutazama, akatabasamu. Kisha akavuta mkono kwa nguvu zake zote, akaupitisha juu ya vichwa vyetu hadi ghubani. Watu walipagawa. Kule chini, wenye mitumbwi ya plastiki na nyavu zao waliufukuza wakipigana vikumbo.

"Sasa mtu anajuaje upi wa kweli?" Marisol aliuliza kelele zilipotulia.

"Una mhuri wa ligi, wa wino wa buluu. Wa dukani hauna kitu."

"Kama huu?" Akamwonyesha wake.

"Huo huo. Ngoja uone wangu."

Noreen aliifungua soksi, akautoa mpira. Akaugeuza. Akaugeuza tena, na tena. Ulikuwa mweupe pande zote, ila kibandiko cha bei kilichochakaa, karibu na mshono.

Marisol aliutazama mpira ule, kisha akageuka kuyatazama maji.

"Mama," alisema polepole, "ule ulionipa ndio ulikuwa na mhuri. Na kuna mtu aliuandika kwa kalamu. 'Nori, 14 Juni 2003.'"

Basi siku ile Noreen alirusha ule wa kweli, na Gus hakuwa kwenye foleni yoyote.

Mkono mzito wa Otis ulitua begani mwa Noreen kutoka nyuma.

"Ah, mama, ndio unalia hivyo? Wametupita pointi moja tu. Mchezo bado!"