Mchi wa Kashindye

Kashindye alipopumzisha mchi, mumewe aliganda katikati ya ua, mguu mmoja mbele, mkono wa kulia ukitetemeka.

"Twanga," alisema Masalu.

"Mahindi yamekwisha, baba Mboni."

"Twanga kinu kitupu."

Akatwanga. Masalu akavuka ua hadi kwenye kigoda chake bila kuyumba. Daktari wa Mwanza mjini alikuwa amesema ugonjwa ule wa kutetemeka hauna dawa. Bahati nzuri miguu ya Masalu haikumsikia.

Masalu alikuwa kiongozi wa chama cha ngoma cha Bagalu, na sauti yake ilijulikana kutoka Nyakato hadi Kigongo. Sasa wenzake walikuwa wameanza kunong'ona habari za mrithi. Mashindano ya baada ya mavuno yalikaribia, mwaka ule wa kungojea Uhuru: Bagalu upande mmoja wa uwanja, mahasimu wao Bagika upande wa pili, wote wakicheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Masalu aliapa kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye ngoma zake kwa miguu yake. Akishindwa, uongozi umekwenda, na hilo aliliogopa kuliko kaburi.

Kashindye mwenyewe alitoka kwa Bagika. Baba yake, Mzee Ngosha, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wao mkuu. Siku ya kumwoa, Masalu alimkataza asikanyage tena ngoma ya kwao.

"Sitakanyaga," alijibu bibi harusi, "mpaka wewe mwenyewe unipeleke."

Masalu alicheka hadi machozi, na kila msimu akaurudia mzaha ule mbele ya wageni. Kashindye hakucheka. Alibaki nyumbani akizisikia ngoma za kwao kwa mbali, na roho ilimuuma.

Basi akatwanga, asubuhi na jioni, na Masalu akatembea.

"Mapigo haya umeyatoa wapi?" aliuliza siku moja.

"Ndivyo nilivyofundishwa kutwanga kwetu."

"Haidhuru. Mchi hauna chama," alisema Masalu, akaendelea na safari yake ya kwenda zizini. Ngoma za Bagika hakuwahi kuzisikiliza maisha yake yote. Kila walipopiga, yeye alikuwa anaimba.

Siku ya mashindano alishushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe katikati ya uwanja, mkewe amemshika mkono. Kwa ajili ya ugonjwa, Masalu alikuwa amemruhusu mkewe kufika hapo, asizidi. Watu walifurika. Hawakuwa wamechagua upande. Walitaka kwanza kuona kama mzee atatembea.

Ngoma za Bagalu zikalia. Miguu ikagoma. Zikalia tena, kwa nguvu zaidi. Jasho likamtoka Masalu, akamtazama mkewe kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Tulia, baba Mboni," alisema Kashindye. "Sasa hivi."

Upande wa pili, ambako Bagika walikuwa bado hawajaanza, Mzee Ngosha akaigusa ngoma yake.

Mguu wa kulia ukainuka. Wa kushoto ukafuata. Mdomo wa Masalu ulikuwa unakataa, lakini miguu ilishika njia ya upande wa Bagika, bila kuyumba, na umati mzima ukapiga vigelegele na kumfuata nyuma.

Kashindye akapiga magoti mbele ya mpiga ngoma.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mume wangu amenileta."