Askari Wametulia

Tangu kila mtu avishwe bangili inayowaambia askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazoulinda mwili, "Tulieni" ili uvimbe ukome, hakuna aliyefurahi kama Bi Mwanahawa. Magoti yaliyokuwa yakiumuka kama maandazi yalinywea. Akakiacha kile kiti chake cha kusalia, akasujudu mkekani mpaka machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi! Rukia, nipe mbuzi! Leo nazi nakuna mwenyewe!"

"Usije ukajikuna wewe, mama," bintiye akamtania.

Akajikata kweli, kidole gumba. Wiki ikapita. Kidonda hakikuvimba, hakikuuma, wala hakikufunga. Kilikuwa kibichi kama cha jana, na kilianza kunuka.

"Mama, hao askari wamelala mwili mzima. Ivue bangili, uwaamshe!"

"Wakiamka, watarudi na magotini."

"Bora goti kuliko mkono, mama yangu."

Bi Mwanahawa alijua mwanawe anasema kweli. "Basi ngoja nisali Alasiri kwanza, ndipo niwaamshe."

Akasujudu kwa raha zake, viganja amevikandamiza mkekani. Kidole hakikuuma hata chembe. Akairefusha sijida, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba Mola maumivu.