Lita Nne Kamili

Oili chafu ilikuwa inachuruzika kwenye beseni, na mwanamume aliyelala chini ya gari alikuwa amevaa glavu nyeupe na shati lililopigwa pasi. Mama mkwe wake, aliyeketi kizingitini, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na dunia aliiona kama kupitia pazia. Lakini weupe wa zile glavu aliuona vizuri sana, ukamchukiza.

Huyu mkwe alikuwa mkaguzi wa mizani. Kutwa alizunguka madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Nyumbani, akiwa hayupo, walimwita Bwana Kipimo. Chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko, kisha akakisawazisha kwa kisu. Binti angeweza kuolewa na yeyote, akaenda kumwokota huyu.

Kesho yake saa mbili asubuhi mama alitakiwa awe hospitali kwa upasuaji, mwendo wa saa nzima kwa gari. Nafasi hiyo aliingojea miezi minane. Asiyefika kwa wakati alirudishwa mwisho wa foleni, na miezi minane mingine ya kupapasa kuta hakuwa nayo moyoni. Ndiyo maana Bwana Kipimo aliamua gari libadilishwe oili kwanza, tena alibadilishe mwenyewe, kitabu cha gari kikiwa wazi kando ya kichwa chake.

"Shemeji," alisema kaka wa mke, dereva wa malori, huku akitafuna njiti ya kiberiti, "hiyo bolti ukiizungusha kwa upole hivyo itadhani unaiposa."

Bwana Kipimo alijibu kwa adabu kwamba kitabu kimetaja kiasi cha kukaza, na yeye hazidishi. Akabadilisha filta, akajifuta, kisha akaanza kumimina oili mpya kwenye jagi la vipimo, lita moja moja, akichutama kila mara ili jicho lilingane na mstari. Ilipofika ya nne alifunga galoni.

"Imebaki?" aliuliza mama.

"Imebaki lita moja, mama. Gari hili linakunywa lita nne kamili."

"Haya, mkwe wangu. Mungu akubariki."

Alilisema hilo kwa sauti tamu kabisa, na moyoni alikuwa anamtukana. Marehemu mumewe aliendesha magari miaka thelathini na hakuwahi kurudisha galoni stoo likiwa na kitu ndani. Alimimina mpaka roho yake ikatosheka. Huyu alitaka kumpeleka hospitali na injini yenye njaa, kwa sababu ya mstari kwenye jagi.

Jioni, Bwana Kipimo alipoingia kuoga, mama alikwenda stoo, akalipapasa galoni hadi akalipata, akaelekea kwenye gari. Boneti aliweza kuifungua hata akiwa usingizini. Kifuniko cha oili kilizunguka kwa kidole kimoja. Hakikuwa kimekazwa! Alipapasa pembeni, akakuta oili mbichi imemwagika, na faneli imeachwa juu ya betri, bado inadondosha. Huyo ndiye aliyesoma kitabu. Mama alicheka peke yake kwa dharau. Kijiti cha kupimia hakukigusa, maana kwa macho yale asingeona kitu, na kipimo cha mtu kama huyo kingemwambia nini? Alimimina lita yote, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akarudisha galoni mahali pake.

Wakati wa kula, binti alimuuliza mumewe mara tatu kama ana hakika na zile lita nne. Mara tatu alijibiwa ndiyo. Kaka alikula, vidole vyake vina weusi ambao sabuni haikuutoa, na mara mojamoja alitabasamu kwa sahani yake.

Asubuhi mama alimkuta binti ameshatangulia nje, anafuta kioo cha mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Bwana Kipimo alitoka na kitambaa mkononi, akataka kufungua boneti apime oili mara ya mwisho.

"Tutachelewa," walisema wote watatu kwa pamoja.

Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwahi kuaminiwa hivyo katika nyumba ile, na ilionekana alifurahi. Akakunja kitambaa, akaingia kwenye gari.

Walikuwa wamefika nusu ya safari, wanapanda mlima, moshi wa buluu ulipoanza kuwafuata. Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Chini ya gari oili ilitiririka hadi ukingoni mwa barabara. Bwana Kipimo alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa mbali. Magari yalipita na hakuna lililosimama. Redio ikatangaza saa mbili kamili.

Alikuja dirishani ameinamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nimekosea kupima. Sijui ni wapi, lakini nimekosea." Akageuka na kuanza kupanda mlima kwa miguu kutafuta msaada.

Mama alisubiri afike mbali. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi.

"Mwanamume gani huyu?" alisema. "Kama mimi nisingeongeza ile lita aliyoibakiza, gari lingetuzimikia getini."

Kaka alitoa njiti mdomoni.

"Uliongeza ya nini, mama? Mimi nilishaongeza ya lori langu, alipokwenda kunawa."

Binti, aliyekuwa kiti cha mbele, hakugeuka.

"Jamani," alisema, "na mimi nimeweka ya dukani leo asubuhi."