Tairi la Akiba

Haya alinisimulia Mwanakheri juzi, tukipeta mchele.

Shekue alikuwa akimpeleka mamake, mgonjwa wa nyonga, kwa dadake mama, mahututi kule juu mlimani, aliyeomba washikane mikono kabla hajafa. Katikati ya mlima tairi la gari likapasuka. Akatoa la akiba, akalisukuma, likagota kwenye breki. Zilikuwa breki mpya, kubwa kupita ringi yake. Mama ndiye aliyemlilia azifunge, asije akafia mteremkoni. La akiba hakuna aliyekumbuka kulijaribu.

Ilikuwa siku ya gulio, kila gari likiteremka mjini, hakuna la kupanda. Madereva watatu walisimama, wakajaribu matairi yao ya akiba. Yote yaligota.

“Mguu umenenepa, bwana, viatu ni vya utotoni!” mmoja akamtania, akaenda zake.

“Mama, nikubebe?”

“Mlima wote huu? Uniangushe, tuwe wagonjwa watatu? Pumzika, baba. Breki zako nzuri. Zimetusimamisha kweli.”

Jua likashuka. Shekue akasinzia, kaliegemea lile tairi. Mama akatoa mkono dirishani, kiganja wazi, kuelekea juu kwa dadake. Usingizi ukamchukua hivyo hivyo, mkono ungali nje.